Alama Mbili za Draiva ya Mwewe

4 Februari

Mdogo wangu Mkia,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu masikio yangu yamekataa simu kabisa. Ulipopiga mara ya mwisho nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" wala sisikii kitu, na baadaye binti yangu akaniambia ulikuwa unauliza kama nimeshakufa. Nadhani ulikuwa unanitania. Sijafa, ila daktari wa moyo ameacha kunipa tarehe za mbali. Zamani aliniambia nirudi baada ya miezi kadhaa. Siku hizi ananiambia nirudi nikijisikia vibaya, nami hujisikia vibaya kila nikijaribu kufunga vifungo vya shati.

Nimehamishiwa chumba cha chini, kile nilichokuwa nikihifadhia majarida yangu ya kompyuta. Binti aliyahamishia yote ukumbini ili kitanda kiingie, na alipokuwa akiyabeba akaangukia toleo lenye ule mchuano wetu wa kadi za picha za Mwewe na Chui. Akanisomea ukurasa mmoja. Akauliza kadi ya picha ni kitu gani hasa. Nikamweleza kwamba ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kichore kila kinachoonekana kwenye skrini, na kwamba zamani kulikuwa na vijana wasiosalimiana kwa sababu huyu anatumia Chui na yule Mwewe. Akasema, "Baba, watu wazima walikuwa wanagombana kwa hayo?" Nikamwambia waligombana, tena ndugu kwa ndugu.

Njoo unione. Kuna jambo la kazi ya zamani nataka tuzungumze ana kwa ana. Usikawie.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imesomwa na nyumba nzima. Mke wangu anasema mwandiko wako bado unatisha kama wa mwalimu anayesahihisha.

Kuja nataka, ila kwa sasa sina njia. Goti limevimba, na lifti ya wagonjwa katika ile hospitali inanitegemea mimi na Mungu, na Mungu hashiki spana. Kijana waliyemwajiri anisaidie anaogopa shimo. Fundi wa lifti anayeogopa shimo ni sawa na kinyozi anayeogopa nywele. Nikipata wa kunishikia nafasi nitakuja.

Hilo jambo la kazi ya zamani nalijua. Ni zile alama mbili kwa kumi ulizoipa draiva yangu. Kaka, nilishazimeza. Watoto wangu wamekua wakisikia kwamba baba yao mkubwa aliitwa Mizani na wasomaji wake, na kwamba jina hilo alilitolea jasho. Kadi ilikuwa ya kampuni yetu, draiva niliiandika mimi, na bado ulisema ulichokiona. Mtu anayeweza kumwaibisha mdogo wake jaridani si mwongo. Huwa najivunia, kweli.

Kilichonikaa kooni ni kitu kingine. Kosa lenyewe sijawahi kuliona. Kadi bila programu ya draiva ni bubu, haielewani na kompyuta, kwa hiyo tuliijaribu ile draiva kwenye kila mashine tuliyoweza kuazima, na haikugoma. Kwako iligoma kila siku. Ile kompyuta ya zamani bado ninayo chumba cha nyuma pamoja na kadi ya Mwewe, na jioni nikimaliza kazi nakaa nayo natafuta. Mke wangu anaiita mke mwenza.

Sasa sikiliza. Mwisho wa Aprili sisi tuliobaki wa kitengo cha draiva tunakutana nyumbani kwa Mama Vipimo, yule aliyekuwa akijaribu kila toleo kabla halijatoka. Kitengo kilifungwa kwa sababu yangu. Mmoja wetu aliishia kuuza vigae, wengine sijui walipotelea wapi. Nataka nisimame niwaombe radhi kabla hatujaisha mmoja mmoja. Lakini naombaje radhi kwa kosa nisilolijua sura? Nieleze, kaka. Ilipogoma, skrini ilionekanaje?

Mdogo wako,
Mkia


2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia habari za goti lako, maana yake ni kwamba si mimi peke yangu ninayeoza.

Umeniuliza skrini ilionekanaje. Picha ilikuwa ikivunjika vipande vya mraba, vidogo vidogo, kwanza pembeni halafu katikati. Kisha mashine inaganda. Mengine yamenitoka akilini. Ni zamani mno, na dawa hizi zinanifanya nisahau hata chakula cha mchana.

Lakini kwa nini uwaombe radhi? Ilikuwa draiva ya kwanza ya kampuni changa. Chui walikuwa na jengo zima la watu wa kuandika draiva, ninyi mlikuwa chumba kimoja na feni mbovu. Kosa dogo hapo lina ajabu gani? Waache wazee wenzako wakae, wacheke, waulizane habari za wajukuu. Ukisimama na maneno hayo utawaharibia siku.

Fanya haraka hilo goti lipone. Ningependa uje kabla ya mkutano huo, si baada yake.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Shikamoo, na asante. Hujui ulichonipa. Vipande vya mraba! Kwenye jarida uliandika tu kwamba picha inaharibika. Miaka yote hii nilikuwa natafuta sebuleni kitu kilichopotelea jikoni.

Mraba maana yake ni kumbukumbu ya kadi. Nimerudi kwenye sehemu ile ya draiva inayogawa kumbukumbu, na kuna mahali ambapo maombi mawili yakija kwa pamoja, moja linaweza kukanyaga jingine. Ni mistari michache tu. Niliiandika mwenyewe, tena nakumbuka nilikuwa na haraka. Nimeichezesha mashine tangu asubuhi hadi jioni ili nilione kosa kwa macho, na haijagoma hata mara moja, lakini sihitaji tena kuliona. Nimeshajua ni hapo. Jana nililala kama mtoto.

Unasema nisiwaharibie siku. Nakuelewa, siku zote umekuwa ukinikinga mvua na wewe unalowa. Lakini Mama Vipimo ndiye aliyetia saini toleo lile litoke. Baada ya jarida lako mkurugenzi alimsimamisha mbele ya wote akamuuliza kama huwa anafumba macho akijaribu. Hakurudi tena kwenye kazi hizi. Nasikia hadi leo watu wakimuuliza alikuwa akifanya nini ujanani, husema alikuwa karani. Anastahili kuniona nimesimama nikisema kosa lilikuwa langu, yeye hakuwa na namna ya kuliona.

Maneno nimeshayaandika. Mke wangu ameyasikia, akasema ni marefu, nimeyapunguza.

Mdogo wako,
Mkia


28 Machi

Mdogo wangu,

Usisimame mbele ya watu hao. Hapo ulipopapata si penye kosa. Hakuna mahali popote. Draiva yako haikuwa na kosa.

Nilitaka nikwambie haya ukiwa umekaa mbele yangu, na katika barua iliyopita nikakwepa, nikatumaini utaacha. Badala yake nimekufanya ujitwike mzigo kwa furaha. Kwa hiyo soma hadi mwisho.

Chumba changu cha vipimo kilikuwa na utaratibu wake, nami ndiye niliyeuweka na kuwagombeza wengine kwa kuuvunja. Kadi hupimwa kwanza kasi, kama ilivyotoka kiwandani. Kisha draiva, kwa wiki nzima ya kuchezesha gemu za kila aina. Mwisho kabisa ndipo tunaisukuma ipite kasi iliyowekewa, tuone itafika wapi kabla haijashindwa. Kuisukuma huwa mwisho kwa sababu kadi iliyosukumwa ni mtu aliyelazimishwa kukimbia akiwa na homa. Akianguka, huwezi kusema hajui kutembea.

Kadi ya Chui niliipima hivyo. Ya kwako sikuipima hivyo. Kabla sijaacha kupokea simu zako ulininong'oneza, "Kaka, hii ukiisukuma haina breki." Nilikwambia usinieleze kitu, halafu maneno yako yakaniwasha siku nzima. Kadi ilipofika nilifunga mlango, nikapima kasi yake haraka haraka, kisha nikairuka draiva nikaenda moja kwa moja kuisukuma. Ikapanda. Nikaiongezea volti kidogo, ikapanda tena. Iliipita Chui, ikapita kila kadi niliyowahi kuishika mkononi. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Nilisahau kwamba mimi ni Mizani, nikawa kaka wa mtu tu, na mdogo wake amefanya jambo kubwa.

Nilipomaliza nilibonyeza irudi ilivyokuwa, nikazima, nikaenda nyumbani. Lakini ile programu ya kusukumia ilikuwa na kisanduku kidogo chini kabisa, ukikitia alama inarudisha msukumo kila mashine inapowashwa. Nilikuwa nimekitia alama katika furaha ile. Kila asubuhi nilipowasha, kadi yako ilisukumwa tena hadi ukingoni. Kasi sikuipima tena, namba zake nilikuwa nazo. Nikaichezesha gemu wiki nzima ikiwa na homa, ikavunja picha, ikaganda, nami nikaandika kwamba kadi ya Mwewe ni nzuri lakini draiva yake haijaiva. Mbili kwa kumi.

Wiki ile ulipiga simu mara nyingi. Nilimwambia mpokea simu aseme sipo. Kanuni ilikataza kuzungumza na watengenezaji wakati wa mchuano, nami baada ya kuvunja ile kanuni nyingine niliishika hii kwa mikono miwili. Ungeniuliza swali moja tu, kwamba nimeisukuma au la, na ningekumbuka.

Kisanduku nilikiona jarida likiwa limeshafika madukani. Nilikuwa naiandaa mashine kwa kazi nyingine. Nilikiondoa alama, nikairudisha kadi yako, nikaiacha ichezeshe gemu hadi kesho yake. Haikutikisika. Toleo lililofuata lilikuwa halijaenda kuchapwa. Sahihisho lingekuwa aya moja.

Nilijiambia kwamba wasomaji wangesema Mizani imelalia upande wa damu. Ndiyo sababu niliyompa marehemu shemeji yako, naye aliikubali au alijifanya ameikubali. Haikuwa sababu ya kweli. Barua za wasomaji zilikuwa zimeanza kuja. Wanasema huyu ndiye mpimaji, hata mdogo wake hakumwonea haya. Mhariri mkuu akawa anazisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Nilizipenda, mdogo wangu. Nilipenda kuwa mtu yule waliyemwandikia, na ili mtu yule awepo ilibidi wewe uwe umekosea.

Mlipofungiwa kitengo nilikuja kwako. Ukanitolea kiti kizuri, ukasema, "Kaka, ulisema kweli, nitalitafuta hilo kosa mpaka nilione." Nikanywa chai yako, nikaondoka.

Nimekuwa mwalimu, nimekuwa mhariri, nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wanaojidanganya, na havikunizuia. Nakuomba radhi. Najua nakuomba nikiwa mahali ambapo ni vigumu kuninyima, na hilo nalo ni dhuluma.

Kaka yako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Hujajibu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama barua yangu imefika, maana mkutano wenu umekaribia. Andika neno moja, imefika au haijafika. Binti anakwenda posta kila asubuhi na akirudi hanitazami usoni, kwa hiyo najua hata kabla hajasema.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Ilifika. Ilifika mapema, nikakaa nayo. Kila nikishika kalamu niliona nitaandika kitu ambacho mtu hawezi kukifuta.

Siku niliyoisoma nilikwenda chumba cha nyuma nikaiwasha ile mashine. Nikaisukuma kadi kama ulivyoeleza, nikaongeza volti. Miraba ikaja. Kwanza pembeni, halafu katikati, kisha ikaganda. Nikairudisha chini, nikawasha upya, ikatulia. Nikaipandisha tena, ikavunjika. Nimekuwa nikilitafuta kosa lile kuliko mtu anavyotafuta mke, na kumbe nilikuwa naweza kulileta na kuliondoa kwa kidole. Mke wangu alinikuta pale akauliza nani amefariki.

Unajua kwa nini nilikwenda kwenye lifti? Hukuwahi kuniuliza. Nilikwenda kwa sababu lifti ikikwama, unaona ilipokwama. Nilikuwa nimeshaacha kujiamini na kitu chochote ambacho siwezi kukipiga nyundo. Kazi niliyoiacha niliipenda, kaka. Nilikuwa naota draiva. Watoto wangu walipotaka kusomea kompyuta niliwakataza wote wawili. Niliwaambia kipaji hicho katika ukoo wetu kilikwenda kwa baba yenu mkubwa, mimi nilipewa haraka tu.

Mkutanoni nilikwenda. Yale maneno niliyokuwa nimeyaandika niliyaacha nyumbani, nikawasomea barua yako. Yote, pamoja na pale unapocheka peke yako. Yule wa vigae alitoa tusi ambalo sitamwandikia mgonjwa. Mama Vipimo aliomba karatasi aisome mwenyewe, akaisoma taratibu, akarudi juu akaisoma tena. Akavua miwani. Akasema, "Kwa hiyo tulikuwa wazuri."

Akanirudishia karatasi, halafu akasema, "Tulikuwa wazuri, na wanangu nimewaambia nilikuwa karani."

Hilo ndilo nimeshindwa kulala nalo. Langu mimi pengine ningelizoea, hata lile la alama mbili nililizoea.

Pale uliposema ulicheka nimeparudia mara nyingi. Kama ungeniambia siku ile ile, kwa dakika moja ile ya kicheko, nisingehitaji jarida lako liseme lolote. Ungenipa hata sifuri.

Radhi unayoniomba sina. Naweza kuandika neno hilo hapa, si gumu, ungelisoma ukafumba macho kwa amani. Lakini litakuwa la uongo, na sisi wawili tumeshaona uongo wa aya moja unavyokwenda mbali. Naendelea kuitafuta. Nikiipata nitaileta mwenyewe kwa mkono, si kwa posta. Kwa hiyo ningoje.

Mdogo wako


16 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Baba hawezi tena kushika kalamu, kwa hiyo ninaandika mimi. Barua yako nilimsomea kwa sauti kubwa hadi jirani akagonga ukuta. Palipo na tusi alitabasamu, akataka kujua ni tusi gani, nikamwambia hukuliandika, akasema basi atalikisia. Alipoyasikia maneno ya Mama Vipimo alininyooshea mkono nisiendelee. Nilidhani amelala, kisha akasema, "Soma."

Mimi haya yote sikuyajua. Nilikua nikiambiwa kwamba Baba hapendi kuwatembelea kwa sababu ya safari.

Ameniagiza maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema. Kwanza, nimtumie Mama Vipimo sahihisho. Jarida lilishakufa, mhariri mkuu naye alishakufa, lakini alinitamkia maneno yake, polepole, akipumzika kila baada ya sentensi. Linasema kwamba draiva ya Mwewe ilipimwa vibaya na yeye mwenyewe, kwa utaratibu alioubadilisha bila kumwambia mtu, na kwamba aliyeijaribu na aliyeiandika walifanya kazi yao sawasawa. Alitaka liwe bila neno la kujitetea. Mara mbili alianza kujitetea, akaniambia nifute. Nimetengeneza nakala kwa kila mtu wa kitengo chenu, na nakala mbili zaidi kwa ajili ya watoto wako.

Alama mpya nilimuuliza aweke ngapi. Alifikiri, akasema hana tena haki ya kumpa mtu alama.

La pili ni lako. Anasema asingependa uendelee kuitafuta hiyo radhi huko peke yako, kwa sababu ameshakufanya utafute kitu kingine peke yako kwa miaka mingi. Alisema, "Mwambie aje bila hiyo radhi. Aje na hasira zake, akae nazo hapa. Mimi nitakuwa nipo kadiri nitakavyoweza."

Daktari alikuwa hapa leo asubuhi, na safari hii alizungumza na mimi mlangoni. Nimekutandikia godoro chumbani kwake.

Baba Mdogo, usiijibu barua hii kwa barua.

Binti yako